Picha ya Mwendawazimu na Moto wa Kisii

Ukipita katika maduka ya vinyago yaliyo karibu na Ngome ya Yesu hapa Mombasa, hukosi kukiona kisanamu kimoja kidogo cha jiwe laini: mtu amejikunyata, magoti yamemfika kidevuni, na kichwa amekishika kwa mikono miwili. Jiwe hilo hutoka Tabaka, katika kaunti ya Kisii, karibu kilomita 800 kutoka hapa. Watalii hukipenda sana kisanamu hicho, na wamekipa jina la mwenye kufikiri. Mimi nilipomwuliza muuzaji mmoja, kijana wa Kikisii, mtu yule afikiri nini, alicheka akanijibu: "Mzee, huyo hafikiri kitu. Huyo anaumwa na kichwa."

Nimelikumbuka jibu la kijana yule mara nyingi. Kila nikisoma habari za wazimu na namna ulivyochorwa na wachoraji wa zamani, naona kosa ni lile lile: mtazamaji humwona mtu mwenye maumivu, kisha akampa jina alipendalo yeye mtazamaji. Watalii wamemfanya mwanafalsafa. Wengine wangesema ana pepo. Na huko kwao Kisii na Nyamira, katika miaka hii hii yetu, wako wazee walioitwa wachawi wakachomwa moto wakiwa hai. Makala haya basi yaanza katika sanaa, lakini hayawezi kuishia huko, na msomaji anistahimilie.

Mafundi wa vichwa

Tuanze na kichwa chenyewe. Wakisii tangu zamani wana mafundi wa kupasua vichwa, na fundi wa kazi hiyo kwa lugha yao ni omobari. Mtu akipigwa rungu au akianguka, kisha akabaki na maumivu ya kichwa yasiyokwisha, pengine kwa miezi na hata miaka, jamaa zake walimpeleka kwa fundi huyo. Fundi hupasua ngozi ya kichwa kwa kisu, akaifunua, kisha akaukwangua mfupa kidogo kidogo kwa chuma chenye ncha iliyopinda, mpaka akaiondoa sehemu iliyopata ufa. Hujihadhari mno asiutoboe utando unaofunika ubongo, kwani hapo ndipo mauti yalipo. Damu huzuiwa kwa dawa za miti shamba. Mgonjwa hakupewa dawa ya usingizi kama ya hospitali. Aliketi au akalala, akashikwa, akavumilia.

Madaktari wa Kizungu walipokwenda kuyatazama mambo hayo walistaajabu, maana wagonjwa walio wengi walipona wakaendelea na maisha yao, na wako waliopasuliwa zaidi ya mara moja. Mmoja wa waliochunguza alikuwa Edward Margetts, tabibu wa Kikanada aliyekuwa mkuu wa hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari, Nairobi, katika miaka ya 1950. Maandishi yake juu ya jambo hilo yalichapishwa mwaka 1967, na picha za vichwa vya Wakisii zikaenea katika vitabu vya utabibu duniani. Mwaka 1983 huko Düsseldorf, Ujerumani, mtaalamu mmoja aliandika tasnifu nzima juu ya historia ya upasuaji huo na mafundi wa Kisii.

Sasa msomaji aangalie hapa. Aliyezipeleka habari hizo ulimwenguni alikuwa ni mganga wa wendawazimu. Ni rahisi mno kwa mtu wa mbali, akiona picha ya kichwa kilichopasuliwa na jina la mkuu wa Mathari chini yake, kudhani kuwa Wakisii walikuwa wakiwapasua vichaa ili kuwatoa wazimu. La hasha. Aghalabu kazi ile ilikuwa kwa ajili ya maumivu ya kichwa yaliyofuatia pigo. Ilikuwa kazi ya mfupa, kama ile ya mtu aungaye mguu uliovunjika.

Dhana ya kumpasua kichaa ili wazimu utoke haikutoka Kisii. Iko katika picha za Ulaya zenyewe. Katika jumba la sanaa la Prado, mjini Madrid, iko picha ya Mholanzi Hieronymus Bosch iliyochorwa mwanzoni mwa karne ya 16. Katikati ya uwanda wa majani ameketi mtu mnene juu ya kiti, na nyuma yake amesimama mpasuaji amkata utosini. Waholanzi wa zama zile walikuwa na msemo kwamba mtu mpumbavu ana jiwe kichwani, na mgonjwa yule ataka jiwe lake litolewe. Lakini mpasuaji mwenyewe kavaa faneli kichwani, imepinduliwa juu chini kama kofia. Na kitokacho katika jeraha si jiwe, ni ua. Pembeni yuko mwanamke atazamaye, na kitabu kilichofungwa amekiweka juu ya kichwa chake. Yaani katika watu wote wanne wa picha ile, akiwemo mtu wa kanisa aliyeshika birika, hujui ni nani mwenye wazimu. Bosch alikuwa akiwacheka matapeli na wale wawaaminio matapeli. Baada yake wachoraji wengine wa nchi zile waliichora mada hiyo hiyo, na wengi walimfanya mpasuaji kuwa ni mwongo afichaye kijiwe mkononi.

Basi Ulaya ilikuwa na jiwe la kubuni katika kichwa cha mpumbavu. Kisii ina mawe tele, mawe ya kweli, meupe, ya kijivu na ya rangi ya waridi, lakini sijasikia fundi wa Kisii aliyedai kulitoa moja katika kichwa cha mtu.

Na kuna jambo la kuongeza hapa, ingawa si la furaha. Katika miaka ile ile Wazungu walipokuwa wakistaajabia visu vya Kisii, hospitali zao zilikuwa zikikata ubongo wenyewe wa wagonjwa wa akili, si mfupa tu. Mreno Egas Moniz, aliyebuni upasuaji huo, alipewa tuzo ya Nobel mwaka 1949. Miaka minne baadaye, mwaka 1953, J. C. Carothers, aliyekuwa amemtangulia Margetts huko Mathari, alichapishiwa na Shirika la Afya Duniani kitabu chake juu ya akili ya Mwafrika, ambamo alimlinganisha Mwafrika mzima wa afya na Mzungu aliyekatwa ubongo. Maneno kama hayo yalisomwa kwa adabu na watu wenye elimu. Fundi wa Kisii, asiyejua kusoma, angalau alijua kwamba ubongo haukatwi.

Mathari yenyewe ilifunguliwa mwaka 1910, na haikutumiwa kwa wagonjwa peke yao. Elijah Masinde, kiongozi wa Dini ya Msambwa aliyewapinga wakoloni huko kwa Wabukusu, alifungiwa humo baina ya 1945 na 1947. Kumwita mpinzani mwendawazimu si hila ya Waingereza tu. Msomaji wa pwani hahitaji kuelezwa ni nani mwengine aliyeitwa majununi na wakubwa wa mji wake alipowaambia wasilolitaka kulisikia, na jinsi Kurani ilivyolikanusha neno lile.

Usiku wa Marani

Nije kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu. Mwezi Oktoba 2021, katika eneo la Marani, kaunti ya Kisii, wanawake wanne wazee walishikwa na kundi la watu, wakapigwa, wakachomwa moto kwa kushukiwa kuwa wamemroga mtoto wa shule. Haikuwa mara ya kwanza. Mwezi Mei 2008 watu 11, walio wengi wanawake wa umri mkubwa, walichomwa katika vijiji vya Kisii. Na kabla ya hapo, baina ya 1992 na 1994, liliingia wimbi kubwa la mauaji ya aina hiyo katika nchi ya Wakisii, ambalo msomi mmoja wa huko huko, Justus Ogembo, aliliandikia kitabu kilichotoka mwaka 2006.

Mtu atauliza, uchawi wahusiana nini na wendawazimu? Ndipo inapobidi tuitazame picha ambayo Mkisii anayo moyoni mwake ya mchawi, huyo waitaye omorogi. Wataalamu waliokaa nao tangu miaka ya 1950 wameieleza hivi: mchawi hutoka usiku, tena uchi, hutembea au hukimbia kati ya nyumba za watu, hupita makaburini, aghalabu ni mwanamke, na aghalabu ni mzee. Mchana yu kama watu wengine.

Sasa mweke mbele yako bikizee wa miaka themanini aliyepatwa na maradhi ya usahaulifu wa uzeeni. Madaktari wameyaeleza maradhi haya wazi. Mgonjwa huugeuza usiku kuwa mchana. Huamka saa nane za usiku akatoka, akidhani kuwa yaenda kupambazuka na shamba lamngoja. Husahau nguo, pengine huzivua. Hupotea njia ya nyumbani kwake alikoishi miaka hamsini, akakutwa katika ua wa jirani, akanong'ona peke yake. Akiulizwa, hajui la kujibu, au hujibu maneno ya watu waliokwisha kufa. Hebu msomaji alinganishe mambo hayo moja moja na ile sura ya omorogi. Zimelingana kama kiatu na mguu.

Mimi sisemi kwamba kila aliyechomwa Kisii alikuwa na maradhi hayo. Wako waliouawa kwa ajili ya mashamba, kwani Kisii na Nyamira ardhi ni haba na watu ni wengi mno, na ekari moja ya chai au ya migomba yaweza kugombewa na ndugu watano. Wako waliouawa kwa sababu tu mtoto wa jirani alikufa na msiba ukataka mtu wa kuubeba. Ninalosema ni kwamba ile picha ipo kabla ya mtu. Ipo ikingojea. Na mzee mgonjwa, bila kujua, huenda akaingia ndani yake usiku mmoja akavaa sura nzima.

Mwaka 1563

Ulaya imewahi kuwa Kisii, na kwa muda mrefu zaidi. Katika mji wa Antwerp, Ubelgiji ya leo, katika jumba la Mayer van den Bergh, imetundikwa picha ya Pieter Bruegel iitwayo Griet Mwendawazimu. Kwa miaka mingi wataalamu walibishana juu ya tarehe yake, mpaka iliposafishwa mwaka 2017 na 2018 ndipo mwaka ukasomeka sawasawa: 1563. Ni mwanamke mrefu, amekwisha umri, kavaa kofia ya chuma na bamba la chuma kifuani, mkono mmoja ana upanga na mkono mwengine amekumbatia vyombo alivyopora. Mdomo wazi, macho yamemtoka, yuaenda mbio kuelekea kwenye kinywa cha Jahanamu chenyewe, na nyuma yake mji wawaka moto. Ni picha ya kutisha, na ni nzuri. Nimeitazama katika kitabu mara nyingi na sijaichoka. Wakati huo huo, ukiwa mtoto ukaoneshwa picha ile, basi utalala nayo. Na kesho ukimwona bikizee ajisemea peke yake njiani utapiga mbio.

Mwaka ule ule wa 1563, katika mji wa Basel, kilichapishwa kitabu cha tabibu Johann Weyer, aliyekuwa akimtibu mtawala wa Cleves huko Ujerumani. Weyer aliamini kuwa Ibilisi yupo. Lakini alisema kwamba vikongwe wengi wanaokiri uchawi mbele ya mahakimu ni wagonjwa: wameshikwa na maradhi ya sauda, ile nyongo nyeusi ambayo matabibu wa Kiislamu nao waliieleza tangu zamani, na sauda hiyo huwafanya waone na waseme mambo ambayo hayakutokea. Mgonjwa, alisema, hupelekwa kwa tabibu, hachomwi.

Mchoraji na tabibu, mwaka mmoja. Mmoja alitupa sura ya bikizee wa kuogopwa, mwengine akatupa hoja ya bikizee wa kuhurumiwa. Nani aliyesikilizwa? Weyer alitukanwa na wasomi. Jean Bodin, mwanasheria mkubwa wa Ufaransa, alimshambulia kwa ukali katika kitabu cha mwaka 1580. Moto uliendelea. Mwaka 1782, huko Glarus, Uswisi, mtumishi wa nyumbani Anna Göldi alikatwa kichwa baada ya kushtakiwa mambo ya uchawi, zaidi ya miaka mia mbili baada ya kitabu cha Weyer. Ndipo nisemapo kwamba hoja peke yake ni dhaifu mbele ya picha. Picha huingia moyoni bila kubisha hodi, hoja lazima ikaribishwe.

Haikosi walikuwako wachoraji waliotenda kinyume. Mfaransa Théodore Géricault, katika mwanzo wa miaka ya 1820, aliwachora wagonjwa wa akili mmoja mmoja, uso kwa uso, bila ya minyororo, bila ya mashetani, bila ya moto nyuma yao. Picha tano kati ya hizo zimebaki. Moja iko Lyon: mwanamke mzee amevaa kofia nyeupe ya kitambaa, kope zake zimewiva wekundu, atazama pembeni kama mtu ashukuye jambo. Unapomtazama unajua kwamba ana maradhi, na unajua vile vile kwamba ana jina na ana watu wake. Nilipoyaona macho yale mekundu niliwakumbuka vikongwe wa Usukumani, Tanzania, ambao wengi wao wameuawa kwa kuwa macho yao yalikuwa mekundu, na wekundu wenyewe waliupata kwa kupulizia moto wa kuni miaka hamsini wakiwapikia wale wale waliokuja kuwaua.

Mwingereza William Hogarth alichora jambo jengine linalotuhusu. Katika miaka ya 1730 alichora hadithi ya kijana mpotevu aliyetapanya urithi akaishia katika hospitali ya vichaa ya London, Bedlam. Ndani ya chumba wako wagonjwa, mmoja ajiona mfalme, mwengine amefungwa pingu. Na wako pia mabibi wawili wa mjini, wamevaa hariri, wamekuja kutazama. Zama zile watu walikwenda Bedlam kama tuendavyo kutazama wanyama, na mlango ule haukufungwa mpaka mwaka 1770. Huko Marani mwaka 2021 watu walisimama na simu zao wakapiga picha za moto, na picha hizo zikafika hadi huku pwani kabla ya jua kuchwa. Mwenye kutumiwa akaitazama, akamtumia mwengine. Sioni tofauti yetu na wale mabibi wa hariri, ila wao walilazimika kutoka nyumbani.

Majununi wetu

Katika sanaa ya Kiislamu mwendawazimu mashuhuri kuliko wote ni Majununi, yule Kaisi aliyempenda Laila akanyimwa. Nizami wa Ganja aliitunga hadithi yake kwa Kiajemi mwaka 1188, na wachoraji wa Iran na India hawakuchoka kuichora. Nakala moja iliyotengenezwa kwa ajili ya Shah Tahmasp baina ya 1539 na 1543 imehifadhiwa London, na ndani yake iko picha inayohesabiwa kuwa ni ya Mir Sayyid Ali: mwanamke maskini amkokota Majununi kwa mnyororo hadi kwenye mahema ya kina Laila, na watoto wamtupia mawe. Kila mtu kambini ashughulika na kazi yake. Yuko atayarishaye chakula, wako wazungumzao. Mwendawazimu amefungwa mnyororo, lakini kwa mujibu wa hadithi mnyororo ule aliutaka mwenyewe apate kumkaribia mpenzi wake. Mchoraji hakumfanya wa kuogopwa. Wa kuogopwa, ukiniuliza mimi, ni watoto wenye mawe.

Picha hizo hazikuzuka patupu. Cairo ilikuwa na hospitali ya Sultani Qalawun tangu mwaka 1284, na wagonjwa wa akili walikuwa na mahali pao humo. Huko Edirne, Uturuki, hospitali ya Sultani Bayezid wa Pili ya mwaka 1488 iliwatibu kwa sauti ya maji na ya ala za muziki. Jengo lake hata leo lipo, ni makumbusho. Na sheria ilikwisha kusema tangu mwanzo, kwa hadithi tunayoisikia vyuoni, kwamba kalamu imeinuliwa kwa watu watatu, na mmoja wao ni mwenye wazimu mpaka akili zimrudie. Yaani dhambi haiandikwi. Asiyeandikiwa dhambi na Mola wake, kiumbe amhukumu kwa kipi?

Na sisi watu wa pwani tuna neno ambalo sijui kama tunaijua thamani yake: kupiswa. Mzee amepiswa. Ukilisema neno hilo mtaani, kila mtu aelewa, na hakuna anayekimbilia mafuta ya taa. Kurani nayo imeutaja ule umri wa udhalili, ambao mtu hurudishwa kwao hata asijue kitu baada ya kuwa alikuwa ajua. Mimi bibi yangu, mzaa mama, alipiswa. Alikuwa akiamka usiku wa manane pale Kibokoni, afungue mlango, ashuke barazani, aulize kama babu amekwisha kurudi kutoka baharini, na babu amekufa miaka kumi na mitatu. Mara nyengine kanga ilikuwa imemwanguka. Majirani walimfunika, wakamshika mkono wakamrudisha: "Twende ndani, bibi, jahazi lafika kesho." Hakuna aliyecheka. Nilikuwa mtoto, nikadhani kuwa dunia yote iko hivyo.

Lakini tusijitukuze. Kutoka Kibokoni hadi Kilifi ni mwendo wa saa moja na nusu kwa gari, na Kilifi wazee wameuawa kwa miaka mingi kwa jina hilo hilo la uchawi, nyuma yake mara nyingi pana shamba na kijana anayeutaka urithi upesi. Huko Ganze, mahali paitwapo Kaya Godhoma, pamewekwa makao ya kuwahifadhi wazee waliokimbia watoto wao wenyewe. Na humu humu mijini, katika nyumba zenye misahafu ukutani, wako wagonjwa wa akili waliofungiwa vyumba vya uani, wamefungwa kamba ya mguu, wakingoja mtu wa kuwapunga pepo, na wageni wakija huambiwa kuwa mtoto yule yuko safarini. Tuna neno zuri kwa mzee. Kwa kijana wa miaka ishirini aliyerukwa na akili tunalo pepo na tunayo aibu.

Serikali haikukaa kimya kabisa. Jopo lililochunguza afya ya akili nchini lilipendekeza mwaka 2020 kwamba maradhi haya yatangazwe kuwa ni dharura ya taifa. Mwaka 2022 sheria ya afya ya akili ilirekebishwa, na wajibu mwingi ukawekwa mabegani mwa serikali za kaunti. Mwezi Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kumshtaki mtu aliyejaribu kujiua ni kinyume cha katiba. Hata sheria kongwe ya uchawi, ya mwaka 1925, ilikataza kumtangaza mtu kuwa ni mchawi mbele ya watu wasio wakubwa wa serikali. Sheria basi si haba. Ila sheria ni kama kitabu cha Weyer. Huko vijijini haijapata mchoraji.

Ndiyo maana naona ajabu kwamba Tabaka, penye mamia ya mafundi wa jiwe, hutoa twiga, viboko na sahani za sabuni kwa maelfu, na kile kisanamu cha mwenye kichwa, lakini sijapata kukiona kisanamu cha bikizee aliyepotea njia na mjukuu amshikaye mkono. Soko halikitaki, nitajibiwa, na ni kweli. Fundi hula kwa soko. Lakini kaunti mbili zilizojenga zahanati nyingi baada ya 2013 zingeweza kumnunulia fundi jiwe moja, zikaliweka mlangoni mwa kila zahanati, na maneno machache ya Kikisii chini yake: mzee akitembea usiku, mlete hapa. Gharama yake ni ndogo kuliko ya jeneza.

Wiki iliyopita nilirudi kwa yule kijana nikakinunua kile kisanamu. Alipokuwa akikifunga kwa gazeti nilimweleza kwamba naandika makala, na kwamba jibu lake la siku ile litakuwamo. Akatabasamu. Kisha, bila kuulizwa, akasema kwamba nyanya yake kule kwao, upande wa Nyamira, naye siku hizi amesahau mengi, na kwamba jioni ikifika mlango wake hutiwa kufuli kwa nje.

Nilimwambia kwamba nafahamu, asije akapotea.

"Si kupotea tu, mzee," akasema. "Ni majirani." Akanipa kisanamu changu, akanirudishia chenji yangu.